Makopo Matatu ya Fundi

Kama ulikuwa na haraka, hukumpelekea Fundi gari. Hilo kila dereva wa Bukoba alilijua, na kila dereva alimpelekea vilevile, kwa sababu gari alilolifunga yeye lilikuwa halirudi gereji mpaka siku yake ifike. Mimi nilimpelekea langu miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyenichosha kama yeye. Mpaka leo nikimkumbuka, hasira ndiyo inayotangulia, mengine yanafuata.

Hasira hiyo ina sababu, na ni bora niiseme mapema. Gurudumu la mbele la lori langu lilichomoka kwenye mteremko wa Kamachumu, siku ambayo tumepakia kahawa, na utingo wangu akavunjika mguu. Utingo huyo alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ukweni wakasema aliyemvunja ni mimi. Gurudumu lile lilikuwa limefungwa na Fundi siku tatu kabla, kwa mikono yake na kwa grisi yake, na neno lake moja lingetosha kuniondolea lawama. Neno hilo nililisubiri miaka saba.

Jina lake silitaji, na hata nikilitaja wengi hawatalijua. Alikuwa Fundi tu, kana kwamba mji ule haukuwa na fundi mwingine wa kitu chochote. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyo safi muda wote, na kiunoni amefunga gunia la kahawa kama aproni. Alikaa Hamugembe, katikati ya migomba, akafanya kazi mtaa wa Bakoba katika gereji isiyo na kuta, mabati tu juu ya nguzo. Alfajiri alitoka msikitini akaja moja kwa moja kazini, na ukimkuta bado hajagusa chuma anakusalimu vizuri, anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za migomba. Akishagusa chuma basi, salamu zimekwisha. Unaweza kusimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Kitu cha kwanza alichokuuliza kuhusu gari hakikuwa ugonjwa wa gari. Aliuliza unakwenda wapi. Ukimjibu "kazini tu," anakuacha na kwenda kwa mwingine. Alitaka njia: unapita mtoni au daraja lipo, unateremka mlima upi, unarudi na mzigo au mtupu. Nilikuwa nikimwambia, Fundi, waitu, mkubwa wangu, mimi nataka grisi, sitaki kuagwa. Hakucheka hata siku moja.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini anauliza, maana yeye mwenyewe hakueleza. Ukimuuliza sababu ya jambo anakushika mkono anakuwekea grisi kiganjani, anasema, "Shika uone." Uone nini? Unabaki na mafuta mkononi, na akili iko pale pale. Walimu wangu wa shule ya misheni walinichapa, lakini angalau walisema wananichapia nini.

Alikuwa na makopo matatu, yamefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba ili vumbi lisiingie. Kopo la kwanza lilikuwa na grisi laini ya manjano, ya viungo vya usukani na vya chini ya gari vinavyorushiwa maji ya barabarani. Hiyo haiogopi maji, lakini ukiipeleka penye joto inayeyuka na kudondoka. La pili lilikuwa na grisi ya magurudumu, ya kahawia, yenye nyuzi; ukiibana kwa vidole viwili kisha ukavitenga inavutika. Hiyo inastahimili joto la breki mlima mzima, lakini maji yakiiingia inageuka povu la sabuni. La tatu lilikuwa jeusi, la vyuma vya springi, na hilo hakuna aliyeligombania.

Sasa fikiria nchi yetu. Asubuhi unavuka maji mpaka kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu, mchana unateremka mlima na breki zinanuka. Grisi inayoweza maji haiwezi moto, inayoweza moto haiwezi maji. Ndiyo maana Fundi aliuliza njia, na ndiyo maana mwenye kwenda Muleba kwa kupitia mito alimpangia siku ya kurudi afunguliwe magurudumu tena, apende asipende. Haya yote angeweza kuniambia kwa dakika mbili. Nimeyakusanya mwenyewe kwa miaka sita, nikiwa nimesimama juani.

Kila kopo lilikuwa na kijiko chake cha mti. Siku moja, kwa kutaka kusaidia ili niondoke mapema, nilichukua kijiko cha kopo la manjano nikachota grisi ya magurudumu. Fundi alichukua kopo lile la magurudumu, akakwangua juu yake kina cha vidole vinne, akakitupa shimoni. Kisha akafunika makopo yote, akanawa, akakaa kwenye tairi bovu, akanitazama. Gari langu lilifungwa kesho yake. Mzigo wangu ulichukuliwa na dereva mwingine, na tajiri wangu, mwenye magari, alinifokea mbele ya makarani.

Mvua ikinyesha alikuwa hafungi beringi kabisa. Alisema unyevu unaingia kwenye beringi na kuanza kula chuma kabla gari halijatoka uani. Vizuri, lakini hii ni Bukoba. Mvua ya Bukoba haiulizi msimu. Nimekaa chini ya mabati yale siku nzima nikisikiliza mvua, magurudumu yangu yako juu ya mawe, na yeye yuko kwenye mkeka wake anasoma juzuu kwa sauti ya chini, hana habari na mtu.

Lazima niwe mkweli hata nikiwa na hasira. Mzungu mmoja wa idara ya barabara alileta lori lake kubwa na amri kwamba magurudumu yajazwe grisi mpaka ifurike, kwa vile gurudumu la mwanzo liliungua. Fundi alifungua, akatoa zaidi ya nusu ya grisi iliyokuwemo, akafunga. Mzungu akapiga kelele kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Fundi akamwambia kitu kimoja tu, kwamba beringi iliyoshiba haina pa kupumulia, akaenda kuswali. Lori lile lilifanya kazi mwaka mzima bila kufunguliwa, na Mzungu yule akawa hapeleki gari kwa mtu mwingine. Nilikuwepo, nilishuhudia. Kwa grisi, hakukuwa na mtu wa kumfikia kuanzia mjini mpaka Biharamulo.

Lakini mtu huyo huyo hakupanda magari. Aliyafunga yeye na hakuyapanda. Kwao Muleba alikwenda kwa miguu, siku mbili, akilala kwa jamaa njiani. Mara ngapi nimempita barabarani na lori alilolifunga mwenyewe, nikasimama, nikampigia honi, akanipungia mkono niende zangu. Nilimuuliza kama hajiamini. Akasema anajiamini yeye, haniamini mimi. Haya, sema sasa.

Ndipo ikaja grisi mpya. Vita ilikuwa imekwisha miaka kadhaa, bidhaa zimeanza kuingia, na mwenye magari akarudi kutoka Mwanza na kopo kubwa ambalo muuzaji alimwapia kwamba ni grisi ya kazi zote. Viungo ni hiyo, magurudumu ni hiyo, maji haiogopi, moto haiogopi. Fundi alipoambiwa hivyo alitabasamu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu akiwa kazini. Alichukua siku nne kuijaribu. Aliipaka kwenye bati akaitumbukiza ndani ya maji usiku kucha. Aliiweka kwenye kifuniko cha sufuria juu ya makaa. Aliinusa, aliivuta kwa vidole, aliiacha juani. Kila jaribio ilishinda. Siku ya tano alikuwa mnyonge, kama mtu aliyefiwa. Miaka yake yote ya kuuliza watu njia zao ilikuwa imeingia kwenye kopo moja.

Mwenye magari akaamuru magari yote yatiwe hiyo. Na hapa ndipo alipokosea, yeye ambaye hakuruhusu vijiko viwili vikutane. Alipofungua magurudumu yangu hakuiosha ile ya kahawia kwa mafuta ya taa. Aliiacha nusu, akaongeza mpya juu yake. Nilimuuliza kwa nini, na siku hiyo, ajabu, alinijibu. Alisema mama yake hakuosha kibuyu cha maziwa kikaisha harufu. Alibakiza ya jana ndani, ili maziwa ya leo yajue namna ya kuganda. Grisi mpya ni ngeni, alisema, haijui milima yetu. Ya zamani itaionyesha. Mimi nimekulia kwenye kibuyu hicho hicho. Niliona ana akili, na nilikuwa na haraka, nikafurahi kwamba leo hatupotezi muda kwa kuosha.

Siku ya tatu tulitoka Kamachumu na kahawa. Juu ya mteremko tulisimama kama kawaida, shemeji akashuka kugusa habu, akasema ya mbele kulia ina joto. Gari lililobeba kahawa lazima liwe na joto, nikamwambia apande. Katikati ya mteremko nilisikia chuma kikilia, usukani ukanivuta, halafu nikaliona gurudumu langu likitutangulia kwenda kibanjani, kwenye migomba ya watu. Lori lilijikita kwenye ukingo wa barabara. Shemeji alikuwa amening'inia mlangoni upande ule, na mguu wake ulibanwa.

Nilipokwenda kulitazama gurudumu, grisi ilikuwa imetiririka juu ya rimu kama uji mwepesi. Sikuelewa. Grisi ya kahawia haitiririki, na ile mpya niliiona kwa macho yangu juu ya makaa haitiririki.

Mwenye magari alituita wote uani. Akamuuliza Fundi kama alitia grisi. Akasema ametia. Akamuuliza kama ilikuwa nzuri. Fundi akasema, "Ilikuwa nzuri." Mwenye magari akanigeukia mimi, akasema basi ni mwendo, na siku hiyo hiyo sikuwa na kazi. Nilimtazama Fundi nikitegemea aseme jingine lolote, hata aseme kwamba huyu dereva si mkimbiza magari. Alikuwa anafunika makopo yake.

Kazi nilipata nyingine, kwa mfanyabiashara mwingine upande wa Muleba. Ukweni ndiko kulikoniumiza. Mguu wa shemeji uliunga vibaya akabaki anachechemea, hawezi kupanda mlima wala kuchimba mashimo ya migomba. Nilipokwenda kuwasalimu, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho kwetu hata mpita njia anapewa, hakikuletwa. Unajua maana ya kukaa kwenye nyumba ya mkweo na mikono mitupu? Nilieleza. Nilieleza kwamba sikukimbiza gari. Nilikwenda tena nikaeleza kuhusu Fundi, kuhusu grisi, kuhusu uji ule kwenye rimu. Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema Fundi amesema grisi ilikuwa nzuri, na Fundi si mtu wa kusema uongo. Hilo ndilo lililoniua. Sifa yake, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiitangaza kwa watu, ndiyo iliyonifunga. Mke wangu akawa anakwenda kwao peke yake.

Nilijaribu kumwendea mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta kazini, ameshagusa chuma, nikasimama mpaka nikachoka nikaondoka. Mara ya pili aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za migomba, na nilipotaja Kamachumu akasimama akaenda kutawadha. Nililipiga mateke lile tairi lake bovu, nikaumia kidole mwenyewe. Baadaye nikasikia ameacha kazi amerudi kwao.

Ukweli niliupata kwa fundi mwingine, kijana wa Muleba aliyefunga lori la tajiri wangu mpya. Nilimwona anaosha beringi kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, anaifuta, ndipo anatia grisi. Nikamwambia abakize kidogo ya zamani. Akanishangaa. Akasema grisi hizi mbili hazikai pamoja, ukizichanganya zinakuwa maji. Sikumwamini, nilichukua vidole viwili vya kila moja, nikazikoroga kwenye kifuniko cha kopo, nikaweka juu ya makaa. Hazikuchelewa. Ulikuwa uji ule ule.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa Fundi. Ilikuwa mwaka wa mwisho au wa kabla ya mwisho wa Mwingereza, kila mtu anazungumza habari za uhuru, na mimi moyoni nina rimu la lori. Nilimkuta kibanjani anakata majani makavu ya migomba. Amezeeka, kofia ni ile ile safi. Alianza na salamu, nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mtu mzima salamu, na siku hiyo nilifanya hivyo.

"Fundi, zile grisi mbili zilikataana. Ulijua?"

Aliweka kisu chini. "Nilijua wiki ile ile," akasema. "Nilizichanganya kwenye kifuniko, nikaweka juu ya makaa. Niliona."

Wiki ile ile. Miaka saba nakaa kwenye nyumba ya mkwe wangu kama mwizi, na yeye alijua wiki ile ile. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilitaka anipe sababu kubwa, nimchukie vizuri. Akasema aliona haya. Maisha yake yote amewatupia watu grisi shimoni kwa ajili ya kijiko, na yeye mwenyewe amechanganya kwa mikono yake. Alisema kila siku aliamka na nia ya kusema, na kila siku akikuta dereva anamsubiri, anamwita Fundi, neno linamrudi kooni.

Nikamwambia kwamba mimi haya yake hainisaidii, kwamba ukweni kwangu ni mwendo wa saa mbili kutoka pale, na kama ana imani aje alitoe neno hilo kule. Nilisema kwa sauti, nikijiandaa akatae. Akavaa viatu.

Tulikwenda kwa miguu. Njiani nilipanga moyoni namna nitakavyokaa, namna mkwe wangu atakavyoniomba radhi, na mimi nitakavyochelewa kidogo kuipokea.

Mkwe wangu alikuwa uani na shemeji. Fundi alikataa kiti. Alisimama mbele ya shemeji, akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema: "Mimi ndiye niliyelifunga lile gurudumu. Nilichanganya grisi, na nikaulizwa nikaficha. Mguu wako umeharibika kwa mkono wangu. Unakuuma?"

Shemeji aliupapasa mguu. Kisha akasema unauma, lakini amezoea. Akamwambia mzee akae. Mkwe wangu akaita ndani, kikaletwa kikapu cha kahawa, akapewa Fundi kwanza. Wakaanza kuzungumza habari za Hamugembe na za nani bado yuko hai. Mimi nilipewa kahawa pia, ndiyo, lakini kama mtu aliyemsindikiza mgeni. Hakuna aliyeniomba radhi. Mtu aliyenyamaza miaka saba alisamehewa kabla jasho la njiani halijamkauka, na mimi niliyekuja kujieleza kila mwaka nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mikono.

Tulipoaga, shemeji alitusindikiza mpaka barabarani, akichechemea. Nilimwacha Fundi atangulie. Nilikuwa nimejaa, sikuweza kungoja siku nyingine. Nilimuuliza shemeji inakuwaje yule anasamehewa siku moja, na mimi ambaye sasa wote wamesikia sikuwa na kosa, nilifungiwa mlango miaka yote ile.

Shemeji alisimama, akaegemea fimbo yake. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Wewe kila ulipokuja ulikuja na gurudumu lako," akasema. "Umelieleza hapa mpaka watoto wanalijua. Miaka saba, shemeji, hujaniuliza hata mara moja mguu unaniumaje."

Nilifungua kinywa nimjibu, na nilichokuta tayari mdomoni kilikuwa maelezo mengine ya gurudumu. Nikayameza. Mbele yetu Fundi alikuwa amesimama pembeni ya barabara, ananisubiri.

Basi nikamuuliza shemeji mguu unamuumaje, pale pale, nikijua nimechelewa na nikijua naye anajua. Akasema usiku goti linamsumbua, na mvua ikikaribia mguu unauma wote, kuanzia kwenye nyonga.